Kichwa, Kichwa, Kichwa

Juma lililopita Kambo, bibi yangu, alinituma nimutafutie kitenge chake cha kijani ndani ya sanduku la bati. Nikatoa nguo moja moja, zote zikinuka nafutalini, na nilipofika chini kabisa mukono wangu ukagusa karatasi. Ilikuwa buku ya shule yenye jalada jekundu, na hesabu za kuzidisha nyuma yake. Ikatoka na harufu ya moshi wa makaa na ya mafuta ya kujipaka. Nilijua ni buku gani kabla sijaifungua. Nikakaa chini.

Ni buku ya lopitali ya Kambo. Kama hujawahi kuugua upande huu wa Ziwa Mweru, kwetu mugonjwa anakuja na buku yake kutoka nyumbani, ileile ambayo mutoto angeandikia insha. Mutu wa lopitali anaandika humo ugonjwa wako, anaandika na dawa, anakurudishia. Ugonjwa wako unarudi nyumbani chini ya kwapa lako.

Nikafungua. Mwanzoni kuna mistari kumi na moja inayofanana: tarehe, kisha neno moja la Kiingereza ambalo maana yake ni kuumwa kichwa, kisha vidonge vya maumivu. Kichwa. Kichwa. Kichwa. Mwandiko ni wa watu watatu, wane, tofauti. Lakini neno ni langu. Mimi ndiye niliyelisema mara kumi na moja, na Kambo hakuwa ameumwa kichwa hata siku moja.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka Kongo, tumekaa Nchelenge miaka miwili tu. Mama alikuwa anafanya biashara ya chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa juani mpaka nguo za kanisani zinanuka, na kuwafuata alikuwa anapanda gari mpaka Mununga, analala huko siku mbili au tatu. Nyumbani tunabaki mimi na Kambo, mama yake Mama. Kambo alitoka Manono na Kiswahili chake na Kiluba chake, na hakuona sababu ya kuongeza lugha nyingine uzeeni. Mimi nilikuwa na Bemba ya shule. Kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa mudomo wake.

Mudomo gani! Mimi ni mutu wa haya. Hata leo darasani mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, ninaliandika kwenye daftari na kumuonyesha. Wakati ule ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu nikitamka Bemba watoto wanaimba "Kongo! Kongo!" mpaka mate yananikauka. Kwa hiyo nilikuwa na kanuni yangu: sema kidogo, maliza upesi.

Na Kambo alikuwa anapenda lopitali. Ndivyo nilivyoona. Kila juma la pili alikuwa anaoga asubuhi, anajipaka mafuta mpaka miguu inang'aa, anavaa kitenge cha kijani na kitambaa cha kanisa, kisha ananiambia, "Chukua buku. Twende tukaseme." Hakusema twende tukatibiwe. Tukaseme. Shule yangu ilikuwa ya alasiri, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kukataa. Njiani alikuwa anasalimia kila mutu kwa Kiswahili, watu wanamujibu kwa Bemba, na kila upande unaridhika.

Hakwenda kwenye mustari mrefu wa wagonjwa wa kawaida. Alikwenda mulango wa dharura, ule watu wote wanaita emajensi, kwa sababu pale kulikuwa na benchi yenye kivuli na upepo wa ziwa. Wala hakuwa peke yake. Nusu ya benchi ile haikuwa na dharura yoyote. Kulikuwa na baba mumoja aliyeshikwa na kwikwi tangu jana yake. Kulikuwa na mama ambaye mutoto wake alipiga chafya mara tatu. Kulikuwa na kijana aliyesema mwiba wa samaki umekwama kooni, na huku anakula andazi. Muvuvi mwenye ndoana ndani ya kidole gumba ndiye peke yake mwenye kitu cha kuonyesha, na alikuwa anamuonyesha kila mutu.

Mulinzi wa mulango, tuliyemuita Ba Gadi, alikuwa na sheria moja: emajensi ni ya mutu anayebebwa. Aliyekuja kwa miguu yake aende kwenye mustari mrefu. Watu waliielewa sheria hiyo upesi sana. Walikuwa wanatembea vizuri, wanacheka, mpaka kona ya mwisho kabla ya geti. Pale mumoja anapanda mugongo wa mwenzake, anafunga macho, anaanza kulia, "Mayo! Mayo!" Yule wa kwikwi alibebwa na shemeji yake. Nilimusikia alipoteremshwa akimunong'oneza, "Juma lijalo ni zamu yako."

Kambo alikataa kubebwa. "Mi nitabebwa siku moja tu," alikuwa anasema, "na siku ile sitasikia kitu." Ba Gadi alikuwa anamupitisha kwa sababu ya mvi zake.

Ndani kulikuwa na meza, na nyuma ya meza mara nyingi alikuwa Ba Nesi, mama murefu mwenye kalamu iliyofungwa kwa uzi shingoni. Kambo alikuwa anakaa, anapanga kitenge, anaanza. Na siku zote alianza mahali pamoja.

"Bon. Mutoto, muambie hivi. Wakati tulitoka Manono niliacha mbuzi yangu saba kwa kamba. Saba! Sikuwafungua. Tukatembea siku nane, na mu ile njia njo kiu ilinishika. Tangu pale mayi hainitoshake. Ninakunywa, ninakunywa, kama mutu mwenye alimeza muchanga. Usiku ninaamuka mara tano, mara sita, kwenda inje. Miguu inawaka, ni kama ninakanyaga makaa. Na macho inaona ukungu, hata saa sita ya muchana. Sema yote."

Ba Nesi ananigeukia. "Anasema nini?"

Mimi ninatazama meza. "Umutwe," ninanong'ona. Kichwa.

"Maneno yote yale ni kichwa?"

"Ndiyo."

Neno lile nilikuwa ninalijua vizuri. Tulijifunza darasa la kwanza, tukigusa kichwa, mabega na magoti, na hakuna mutu aliyewahi kunicheka nalo. Siku ya kwanza kabisa nilijaribu kuanza na mbuzi kama Kambo alivyosema, nikakosea, na mama mumoja nyuma yangu akacheka mpaka akashika tumbo. Sikurudia. Mbuzi wakabaki Manono, na kiu na miguu na ukungu wakabaki pamoja nao. Baada ya siku chache sikusikiliza hata kidogo. Kambo akisema "mbuzi", mimi ninaanza kusoma mabango ya ukutani.

Na niseme ukweli wote, nilikuwa ninaamini Kambo si mugonjwa. Mugonjwa analala, analia, anakataa bukari, ugali wetu. Kambo alikuwa anajipaka mafuta. Nilifikiri anaenda kukaa na watu tu, kama wale wengine wa benchi. Tena kulikuwa na jambo lililonifanya nimuone muongo kidogo, na jambo hilo lilikuwa sukari.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na bafu ya majani. Alfajiri Kambo alikuwa hafiki chooni, anakojoa pale pembeni ya bafu, na kila asubuhi mahali pale palijaa sisimizi, weusi, kwa mustari, kama watu wanaokwenda sokoni. Pale nilipokojoa mimi hakukuwa na hata mumoja. Nilichunguza siku nyingi, nikapata jibu la mutoto wa miaka tisa: Kambo anaiba sukari ya Mama, anailamba pale nyuma kwa siri, inamwagika. Na kweli sukari ilikuwa inapungua kwenye kopo. Mimi ndiye niliyekuwa ninailamba, lakini jambo hilo nililiacha pembeni. Sikumuambia mutu. Niliona ninamufichia Kambo aibu yake, na nilijiona mutoto mwema sana.

Siku ya kumi na moja Ba Gadi alituona kutoka mbali, akapiga makofi.

"Ba Kambo Umutwe baisa!" akaita. Bibi Kichwa amefika. Benchi nzima ikacheka, hata mwenye ndoana.

Kambo akasimama. Kiluba na Bemba ni majirani. Kwao Kambo kichwa ni mutwe. "Banasema mutwe," akaniambia. "Mutwe ya nani?"

"Ni salamu tu, Kambo."

"Mutwe haiko salamu."

Tukaingia. Akasema maneno yake, mbuzi na kiu na miguu, lakini siku ile hakumutazama Ba Nesi. Alitazama mudomo wangu. Alipomaliza akainama, sikio lake likawa karibu kabisa na mimi, akangoja. Sikujua niseme nini kingine. Nikasema lilelile. Nililiona neno likiingia ndani ya sikio la Kambo.

Inje hakunipiga wala hakunitukana. Alitembea mpaka ile kona ya kubebana, akasimama kupumzika.

"Kumbe," akasema. "Mara kumi na moja ninavaa kitenge, ninakuja kusema kichwa." Akanipa buku. "Itie mu sanduku."

Hakwenda tena. Na mimi nilifurahi. Asubuhi zangu zilirudi, nikawa ninacheza kamba na watoto wa jirani. Mama alipouliza habari ya lopitali, Kambo alijibu, "Kichwa imepona," na hakunitazama.

Majuma manne yakapita. Asubuhi moja Kambo alikuwa anapika uji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, amesimama peku, anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa ninafagia. Harufu ikaja. Nilifikiri ni samaki aliyeangukia makaani.

"Kambo, ni nini inaungua?"

"Hakuna kitu. Ni uji."

Nikatazama chini. Kaa moja lilikuwa limeanguka, na Kambo alikuwa amelikanyaga. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka pembeni ya muguu wake, na yeye anakoroga uji, anaimba.

"Kambo! Muguu!"

Akatazama chini pole pole, kama unavyotazama kitu ambacho mutu mwingine ameangusha. Akasogeza muguu. "Eh," akasema. "Hii ilianguka saa ngapi?"

Nikapiga magoti. Karibu na pale palipoungua palikuwa na kidonda kingine, cha zamani, kwenye kidole kidogo. Kidole chenyewe kilikuwa cheusi na kinanuka. Hakuwa amekiona, kwa ule ukungu wake. Nikakigusa.

"Inauma?"

"Haiumi," Kambo akasema, na akalisema kama habari njema. "Ile moto ya miguu ilizimika, iko juma tatu sasa. Ilipona yenyewe. Unaona? Bila lopitali."

Nilikuwa mutoto, lakini nilijua kwamba kaa la moto linamuumiza kila mutu aliye hai. Nikaenda kwenye sanduku, nikatoa buku.

"Acha, mutoto. Kule banatucheka."

"Bacheke."

Akaepua uji. "Bon," akasema. "Ngoja kwanza nivae kitenge."

Tulitembea. Nilitaka kuita jirani amubebe, akakataa, na kweli hakuwa na haja ya kubebwa. Alitembea wima, hakuchechemea hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Kwenye ile kona watu wawili walikuwa wanapandana mugongo kama kawaida. Sisi tukawapita.

Benchi ilikuwa imejaa. Yule wa kwikwi alikuwepo, zamu hii zilikuwa zimerudi na nguvu mpya. Ba Gadi akanyoosha mukono kuelekea mustari mrefu.

"Ba Kambo Umutwe! Leo pale, mama yangu. Benchi ni ya watu wa kubebwa."

Mustari ule ulikuwa unazunguka jengo. Tukienda pale, jua litatuchwea inje.

"Ba Gadi, si kichwa," nikasema kwa Bemba.

"Sasa anaumwa nini?"

"Haumwi."

"Haumwi! Musikie huyu! Haumwi, na umemuleta emajensi?"

Wakacheka wote. Mutu mumoja akasema, "Kongo!" Masikio yangu yalipata moto. Lakini mukono wa Kambo ulikuwa ndani ya mukono wangu, na ulikuwa umelegea, kama wa mutu aliyejua mapema kwamba ndivyo itakavyokuwa. Nafikiri mukono ule ndio ulionisukuma. Kama ungenishika kwa nguvu labda ningenyamaza.

"Haumwi, njo maana tumekuja!" nikapiga kelele, Bemba na Kiswahili pamoja. "Amekanyaga moto akaendelea kuimba! Mutazame!"

Nikapiga magoti, nikainua muguu wa Kambo kwa nyuma, nikauonyesha unyayo ule kwa Ba Gadi na kwa benchi yote.

Kicheko kikaisha. Na kwikwi nazo zikaisha, kwa sababu yule baba alisimama kwa miguu yake mwenyewe, akaacha nafasi. "Apite," akasema. "Ba Gadi, muache apite." Ba Gadi alikuwa tayari amefungua mulango.

Ba Nesi alipotuona alikuwa ameshaanza kuandika. Nikaweka mukono juu ya buku.

"Hapana," nikasema. "Ngoja. Nilisema vibaya. Siku zote nilisema vibaya."

Nikasema yote. Nilisema maji, ndoo nzima kwa siku. Nilisema kwenda inje mara sita. Nilisema macho, nilisema miguu iliyowaka na jinsi ilivyozimika. Bemba yangu ilikuwa imepinda, mahali neno liliponikosa nilionyesha kwa mikono, na mulango ulikuwa wazi na benchi nzima inasikia. Sikuacha kitu. Nilipokuwa nimeshika njia ya kusema, nikasema hata siri ya Kambo.

"Tena anaiba sukari," nikasema, nikilia. "Anaila nyuma ya bafu. Pale anapokojoa kunajaa sisimizi."

Kalamu ya Ba Nesi ikasimama. "Sisimizi? Kwenye mukojo?"

"Ndiyo."

Akamuita mwenzake kwa sauti kubwa. Wakatoboa kidole cha Kambo, wakaweka damu kwenye kamashini kadogo, wakatazama, wakatazamana. Kisha Ba Nesi akashuka chini kabisa, akakaa kwenye visigino vyake mbele ya Kambo, akaniuliza mimi, "Muulize, hii kiu ilianza lini?"

Nikamuuliza.

"Nilikuambia," Kambo akajibu. "Mara kumi na moja nilikuambia. Ilianza wakati wa mbuzi."

Kwa hiyo ilinibidi nimusikilize Kambo, kwa mara ya kwanza, tangu mwanzo. Alisimulia pole pole, na mimi nikageuza kila neno. Kwamba walikuwa saba, mumoja na mimba. Kwamba milio ya bunduki ilikuwa karibu na hakukuwa na nafasi hata ya kukata kamba. Kwamba njiani kila alipokunywa maji aliwafikiri wale saba wamefungwa kwenye jua, na maji hayakumutosha. Neno la mbuzi nililikosea tena kwa Bemba. Hakuna aliyecheka. Ba Nesi alihesabu kwa vidole. "Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili anatembea na ugonjwa wa sukari." Na akaniambia kwamba tungengoja kidogo tena muguu wote ungekwenda, na Kambo nyuma yake.

Kambo alilala kule siku kumi na mbili. Kile kidole cheusi cha muguu kilikatwa. Muguu ukabaki, na Kambo akabaki. Siku ya pili nilikaa kwenye kitanda chake, nikamuambia yote, kwamba nilikuwa ninaona haya, kwamba nilifikiri ni mwizi wa sukari.

Alicheka mpaka kitanda kikalia. "Na nani alikuwa anaiba?"

"Ni mimi."

"Njo vile," akasema, akajifuta macho. Kisha akanishika sikio, lakini si kwa kulivuta. "Mutoto, siku ingine, kama unaona maneno yangu ni mingi, sema ni mingi. Usiyakate."

Juma lililopita, nimekaa chini pale karibu na sanduku, nilifunua ukurasa unaofuata ile mistari kumi na moja. Mustari wa kumi na mbili si mustari. Ni ukurasa mzima na nusu, mwandiko wa Ba Nesi umebanana kutoka pembeni mpaka pembeni. Kuna maji, kuna macho, kuna miguu, kuna sisimizi, kuna hesabu za damu. Na chini kabisa, mbele ya sahihi yake, ameandika kwa Kiingereza: mbuzi saba, walibaki wamefungwa. Hakuna aliyemulazimisha kuandika. Si ugonjwa na haina kidonge.

Nikamupelekea Kambo kitenge chake. Siku za kliniki ya sukari bado anakivaa, na anatembea na vidole tisa kama mutu mwenye kumi na moja. Mimi siku za posho, yaani Jumamosi, ninakaa kwenye ile benchi. Ba Nesi mwenyewe aliniomba, kwa ajili ya wale wanaojua Kiswahili tu. Ugonjwa wa haya sijapona. Ninaanza kila neno nikiwa ninatazama sakafu. Lakini ninalimaliza.

Posho iliyopita mama mumoja aliletwa na kijana wake mugongoni, kutoka kwenye ile kona bila shaka. Sikio linamuwasha, basi. Ba Gadi akatikisa kichwa, benchi ikanong'ona. Mama akakaa, akapanga kitenge chake, akaanza kuniambia habari ya nyumba moja iliyobaki Kongo na mulango wake wa bluu. Katika masimulizi yake alikuwa bado anapanda ngazi za nyumba ile Ba Nesi alipochungulia na kalamu yake shingoni.

"Ana nini huyu?"

"Ngoja kidogo, Ba Nesi," nikasema. "Bado tuko kwa mbuzi."

Akavuta kiti, akakaa.